Maoni: Mtumbwi usio na jile wala bidoni usitoke Baraka

Baraka, teritwari ya Fizi, Kivu Kusini

Leo sina habari ya mkutano wala ya mgeni aliyetoka Kinshasa. Nataka tuzungumze juu ya ziwa letu na namna tunavyoliingia usiku.

Karibu na kwetu iliishi familia moja iliyoshuka kutoka milimani, upande wa Itombwe. Walifika na watoto wanne, sufuria mbili na godoro moja. Baba alikuwa mkulima na mfugaji. Alijua maharage, viazi na ng'ombe. Huku chini hakuwa na shamba wala ng'ombe. Alibeba mchanga, akapasua kuni za watu, kisha mtu mmoja akamwambia kwamba kwenye mitumbwi ya ndagala wanatafuta mikono. Akaenda. Usiku wa kwanza alirudi na nusu ndoo ya ndagala, na watoto wakala. Akaenda tena, na tena.

Kuna usiku mmoja upepo ulishuka ghafla kutoka milimani, mtumbwi ukajaa maji, ukapinduka. Walikuwa watu wanne. Watatu walirudi asubuhi. Yeye hakurudi.

Kwenye kilio, mama mjane aliuliza swali moja tu. Alisema: «Ninyi mlizaliwa hapa. Mlijua kwamba baba wa watoto hajui kuogelea. Kwa nini hakuna aliyemwambia?» Wababa wote waliokuwa pale walinyamaza. Mimi pia nilitazama chini. Ninaandika haya leo kwa sababu sikuwa na jibu siku ile, na kwa sababu ninaona kila jioni watu wengine wa namna yake wakipanda mitumbwi kwenye ufuko wetu.

Sio siku yake tu iliyofika

Huku kwetu mtu akifa maji, tunasema siku yake ilifika. Wengine wanasema ziwa lilimtaka. Wengine wanatafuta jirani aliyemtupa. Sitaki kugombana na imani ya mtu yeyote, na kifo kiko mikononi mwa Mungu. Lakini mmoja wa wale watatu walioponea alinieleza jinsi mambo yalivyokwenda, na ningependa kila mtu asikie.

Mtumbwi ulipopinduka, wote wanne walianguka upande mmoja. Watatu walishika ubavu wa mtumbwi. Wimbi likamsukuma yule mgeni pembeni. Taa zilikuwa zimezimika, giza lilikuwa nene. Walimsikia akiita mara mbili. Umbali kati yake na mtumbwi, alisema, ulikuwa kama kutoka mlango wa nyumba hadi barabarani. Hakuwa na kitu cha kushika. Hawakuwa na kitu cha kumtupia. Hiyo ndiyo habari yote.

Mtu yule alikufa kwa kukosa kitu kinachoelea. Bidoni moja tupu ya lita ishirini, ile ya njano ambayo kila nyumba ya Baraka inayo, ingeweza kumrudisha kwa watoto wake. Ndiyo maana nasema: siku yake ilifika, lakini sisi tuliisaidia kufika.

Ziwa hili sio bwawa

Ndugu zangu mliotoka milimani, wengi wenu mnaliona ziwa kutoka ufukoni wakati wa asubuhi, limelala kama mkeka. Naomba niwaambie ni kitu gani hicho mnachokitazama.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 650, tangu kwetu huku kaskazini hadi Zambia. Upana wake kwa wastani ni karibu kilomita 50. Kina chake kinafika karibu mita 1,470, na duniani kote kuna ziwa moja tu linalolipita kwa kina, lile la Baikal kule Urusi. Nchi nne zinaligawana: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Ukiwa katikati yake usiku, hali yako haina tofauti kubwa na ya mtu aliye baharini. Kuna mawimbi, kuna upepo, na hakuna mtu wa kumwita.

Tena hapa Baraka tuna jambo letu la pekee linalodanganya hata wenyeji. Mji wetu uko kwenye ghuba, ile ambayo kwenye ramani wanaiita ghuba ya Burton. Rasi ya Ubwari imesimama kati yetu na ziwa kubwa kama ukuta wa nyumba. Upepo wa kusini, ule wenye nguvu unaovuma wakati wa kiangazi tangu mwezi wa tano hadi wa tisa, Ubwari unaupunguza. Kwa hiyo mvuvi anasimama ufukoni saa kumi na moja jioni, anaona maji ya ghuba yametulia, anasema leo ni usiku mzuri. Anapiga kafi au anawasha mota, anakwenda, anavuka ncha ya Ubwari. Hapo ndipo anakutana na ziwa lenyewe. Mawimbi aliyoyakuta huko hayakuonekana kabisa kutoka alikoanzia, na mtumbwi tayari una wavu, taa, betri na watu wanne.

Wakati wa mvua hatari ni nyingine. Wingu linajikusanya juu ya milima nyuma yetu, na dhoruba inashuka kwa haraka. Haidumu sana, pengine nusu saa, pengine saa moja, lakini nusu saa inatosha kujaza mtumbwi mdogo. Wazee wa hapa wanajua kusoma dalili: radi juu ya milima, baridi ya ghafla usoni, maji yanayobadilika rangi kwa mbali. Mtu aliyezaliwa kwenye shamba la viazi hajui dalili hizo, na hatuwezi kumlaumu.

Kuna jambo la tatu ambalo hata wavuvi wazoefu hawalitilii maanani. Mchana upepo mwepesi kwa kawaida unatoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku unageuka, unatoka milimani kwenda ziwani. Maana yake ni kwamba aliyepinduka usiku anasukumwa mbali na nyumbani. Anaona taa za mji, anafikiri ziko karibu, anaanza kuogelea, na kila anapopumzika upepo unamrudisha nyuma. Usiku taa zinadanganya umbali. Wengi walioacha mtumbwi kufuata taa hawakufika.

Kwa nini wanatoka hata kukiwa na hatari

Kabla ya kumwita mvuvi mjinga au mwenye tamaa, tujiulize kwa nini anatoka.

Ndagala wanafuata mwanga. Ndiyo maana uvuvi wenyewe unafanyika wakati wa giza, na wakati mwezi ni mkubwa mitumbwi inapumzika kwa siku kadhaa. Kwa hiyo siku za kazi ni zilezile siku ambazo mtu akianguka majini hakuna atakayemwona. Zile taa zinazovuta samaki, zikizimika, giza linakuwa nene kuliko mwanzo, kwa sababu macho yalikuwa yamezoea mwanga.

Siku za giza ni chache, kwa hiyo kila usiku una bei yake. Mvuvi akikaa nyumbani usiku mmoja kwa kuogopa upepo, mwenye mtumbwi anatafuta mwingine. Na siku hizi wengine ni wengi, kwa sababu vita vinaleta watu ufukoni kila mwezi.

Kuna pia habari ya usalama. Mara kwa mara tunaambiwa kwamba uvuvi wa usiku umefungwa kwa sababu za kiusalama. Sibishani na sababu hizo hapa. Ninachosema ni kwamba siku kizuizi kinapoondolewa, watu wamekaa na njaa, na wote wanatoka siku hiyohiyo, hata kama mbingu imekunja uso. Na wakati wa kizuizi wako wanaotoka kwa kujificha, na mitumbwi midogo, bila taa, bila kumwambia mtu. Huyo akipotea, hata familia yake inaogopa kutangaza.

Na wazee wanasema zamani samaki walipatikana karibu. Sasa inabidi kwenda mbali zaidi, nje ya ghuba. Mtumbwi uliotengenezwa kwa ajili ya maji ya karibu unapelekwa kwenye maji ya mbali.

Mutambala tuliililia, je, hawa wengine?

Mwezi wa Desemba 2014 boti Mutambala ilizama kwenye ziwa hili ikitoka Kalemie kuja Uvira. Watu zaidi ya 120 walikufa. Ilikuwa imebeba kupita kiasi na upepo ulikuwa mkali. Redio zilitangaza, nchi nzima ikalia. Oktoba 2024 boti nyingine iliyotoka Minova ilizama ikiwa karibu kufika Goma, kwenye ziwa Kivu, watu wakiwa wanaitazama kutoka ufukoni. Tulilia tena.

Mtumbwi wa wavuvi wanne ukizama, hakuna redio ya mbali inayotangaza. Hakuna anayeandika. Leo mmoja, wiki ijayo wawili, mwezi ujao mmoja. Hakuna daftari lolote hapa ufukoni kwetu linaloonyesha nani ametoka jioni na nani amerudi asubuhi. Wafu wetu wa mitumbwi hatuwahesabu, na kwa sababu hatuwahesabu tunafikiri ni wachache.

Majibu ninayopewa

Nimezunguka ufukoni nikizungumza na wenye mitumbwi na wavuvi. Majibu yao ni manne, na kila moja lina ukweli kidogo ndani yake.

La kwanza: jile ni ghali. Ni kweli, jile nzuri ni ghali kwa mtu anayelipwa kwa ndoo ya ndagala. Tena sokoni kuna jile nyingine zimejazwa sponji inayonywa maji. Ukinunua, ipeleke kwanza majini mchana, uilalie, uone kama inakubeba. Ikikuzamisha, irudishe kwa aliyekuuzia.

Lakini asiyeweza kununua jile hana sababu ya kutoka mikono mitupu. Fanyeni hesabu pamoja nami. Bidoni tupu ya lita ishirini, ikifungwa vizuri, maji yanaisukuma juu kwa nguvu inayokaribia kilo ishirini. Mtu aliye majini hahitaji kubebwa mwili mzima, anahitaji kichwa kibaki juu, na kwa hiyo kilo saba hadi kumi zinatosha. Maana yake bidoni moja ya lita ishirini inaweza kushikiwa na watu wawili. Bidoni mbili ndogo za lita tano, zikifungwa pamoja kwa kamba na kupita chini ya makwapa, zinamsaidia mtu mmoja. Jaribuni wenyewe mchana, mahali maji yanapofika kifuani, mtaona.

Kuna masharti. Kifuniko kikazwe kabisa, na chini yake pawekwe kipande cha plastiki. Bidoni iwe haina ufa hata mdogo. Ijaze maji nyumbani kwanza, uigeuze, uone kama inavuja. Isiwe ile yenye mafuta ya mota ndani. Ifungwe kwenye mtumbwi kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja, isipeperuke wala isikawie. Na tusidanganyane: bidoni sio jile. Mtu akizimia, jile nzuri inaweza kumweka uso juu, bidoni itamwacha. Bidoni ni ya yule ambaye vinginevyo angekuwa hana kitu. Atakapopata pesa, anunue jile.

Jibu la pili: jile inazuia kazi, huwezi kuvuta wavu ukiwa umeivaa. Kwa jile kubwa za machungwa za abiria, nakubali, zinakaza shingo. Basi ivae wakati wa kwenda na kurudi, na wakati upepo unapoanza. Wakati wa kuvuta wavu iwe karibu na mguu wako, sio chini ya mizigo. Nimeona mtumbwi wenye jile tatu zilizofungwa ndani ya gunia, gunia limewekwa mbele kabisa chini ya wavu. Hizo zilikuwa za kuonyesha askari, hazikuwa za kuokoa mtu.

La tatu: mimi najua kuogelea tangu utoto. Kaka, najua, nimekuona. Lakini umeogelea mchana, bila suruali nzito, bila wavu kukuzunguka miguu, na ufuko ukiuona. Maji ya ziwa letu sio ya barafu, lakini ukikaa ndani yake saa nne au tano usiku, mwili unapoa na mikono inakataa kushika. Anayejua kuogelea ana faida moja kubwa: anaweza kurudi kwenye mtumbwi haraka. Akifika, ashike, asiuache. Mtumbwi wa mbao hata ukijaa maji hauzami wote. Mbao ni mbao. Na asubuhi wanaotafuta wanaona mtumbwi kwa mbali, hawaoni kichwa cha mtu.

La nne: Mungu ndiye anayelinda. Amina. Lakini mimi pia nasali, na nyumba yangu naifunga usiku.

Nani awajibike

Hapa ndipo wengine watanikasirikia, lakini nitasema.

Wa kwanza ni mwenye mtumbwi. Tunajua jinsi samaki wanavyogawanywa asubuhi. Kwanza yanatolewa mafuta. Kisha kuna fungu la mtumbwi, fungu la wavu, fungu la taa. Kinachobaki wanagawana waliolala ziwani. Kama taa ina fungu lake, kwa nini uhai wa mtu usiwe na fungu? Nashauri beseni moja tu kila usiku mzuri, liwekwe pembeni kwa ajili ya jile. Kwa usiku chache za giza nzuri, mtumbwi wa watu wanne unaweza kuanza kuvaa. Mtumbwi ukipotea, mwenyewe anachonga mwingine au anakopa. Mama yule mjane atakopa wapi?

Wa pili ni kamati za wavuvi. Zinajua kutoza mchango, zinajua kuwaadhibu wanaoiba nyavu. Basi ziweke sheria moja rahisi: kila mtu anayepanda awe na jile, au walau kitu chake kinachoelea. Asiyekuwa nacho anabaki. Na mtumbwi unaokiuka haupokelewi samaki wake kwenye ufuko huo kwa siku tatu.

Wa tatu ni huduma zinazotoza. Mvuvi wa Baraka anabeba karatasi nyingi: ya mtumbwi, ya mota, ya kuvua, na malipo mengine ambayo hayana karatasi. Anasimamishwa, anaulizwa amelipa nini. Ni mara chache sana nimesikia mtu akiulizwa: uko na jile? Kama pesa inachukuliwa kwa jina la ziwa, sehemu yake irudi kwa wanaofia ziwani. Na kukagua jile kusigeuke mlango mwingine wa kumnyang'anya mvuvi. Asiye nayo arudishwe nyumbani, asitozwe faini ya mfukoni halafu aruhusiwe kwenda kufa.

Wa nne ni mashirika yanayotusaidia. Tunawashukuru, msaada wao unaonekana. Lakini ukimpa nyavu mtu aliyeshuka mlimani jana bila jile na bila siku moja ya mafundisho, umempa kazi na hatari pamoja. Kwenye orodha ya nyavu, ongezeni jile. Na muwatumie wazee wavuvi wa hapa kama walimu, muwalipe kidogo. Wanajua kuliko karatasi.

Mambo matatu yasiyohitaji pesa

Kuna mambo ambayo tunaweza kuanza jioni ya leo, bila kusubiri mtu.

Daftari. Kila ufuko uwe na mtu mmoja na daftari moja. Jioni anaandika mtumbwi wa nani, umebeba nani, unaelekea wapi. Asubuhi saa mbili anapiga alama kwa waliorudi. Asiyerudi anajulikana mapema, na watu wanatoka kumtafuta kukiwa na mwanga wote wa mchana mbele yao. Sasa hivi mara nyingi tunagundua saa sita, wakati mke anapoanza kuuliza.

Mzee wa upepo. Tuchague kwa kila ufuko wazee wawili wanaojua anga. Wakisema leo hapana, tuweke kitambaa chekundu juu ya mti ambapo kila mtu anaona. Wale wenye simu zinazoonyesha hali ya hewa wawasaidie. Na kijana aliyeko ncha ya Ubwari apige simu aseme huko nje mawimbi yakoje, kwa sababu sisi ndani ya ghuba hatuoni.

Firimbi na simu. Firimbi ndogo shingoni inasikika mbali kuliko sauti ya mtu aliyekunywa maji, na haichoki. Simu moja ya mtumbwi ifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki yenye fundo. Mtandao haufiki kila mahali, lakini siku utakapofika utakuwa umekusaidia.

Kwenu ninyi mliokuja kutoka mbali

Ndugu yangu uliyeacha shamba lako, sikuambii usivue. Ziwa ni la wote na watoto wako wanahitaji kula. Lakini kabla hujapanda, muulize mwenye mtumbwi maswali matatu. Nikianguka, nitashika nini? Tunapita Ubwari au tunabaki ndani ya ghuba? Nani ufukoni anajua kwamba nimetoka? Akikucheka, au akikukasirikia, tafuta mtumbwi mwingine. Na wiki ya kwanza, omba kwenda mchana, ndani ya ghuba. Jifunze kukaa chini katikati ya mtumbwi. Anayesimama ovyo ndiye anayeupindua. Jifunze kutoa maji kwa kopo bila kuambiwa. Jifunze kuelea kwa mgongo kabla ya kujifunza kuogelea.

Na ninyi wamama mnaongoja ndagala alfajiri na mabeseni yenu, mna nguvu msiyoijua. Mwenye mtumbwi anawahitaji. Siku mkisema «samaki wa mtumbwi usio na jile hatununui», jile zitapatikana kabla ya mwezi kuisha.

Mimi sijasahau kwamba nilikuwa mgeni. Mwaka 1996 wengi wetu wa Fizi tulivuka ziwa hilihili usiku kukimbilia Kigoma, na wengine waliishia majini. Mimi nilikua Nyarugusu. Wenyeji wa kule walitukuta watoto tukiokota uyoga porini, wakakaa chini nasi, wakatuonyesha upi unaliwa na upi unaua. Hawakusema «hawa ni wakimbizi, watajua wenyewe». Kuanzia 2005 tulipoanza kurudi kwa meli, tukashuka hapa Baraka, tulikuwa hai kwa sababu pia ya watu waliotuambia mambo madogo kama hayo. Mwenyeji ana deni la kumwambia mgeni kinachoua mahali pake. Sisi kinachoua ni upepo wa usiku, na hatukusema.

Kijana wa kwanza wa yule mama ana miaka kumi na tano. Juzi nilimwona ufukoni akiomba kazi kwenye mtumbwi. Mwenye mtumbwi alimkatalia kwenda usiku, akampa kazi ya mchana ya kuanika ndagala na kushona nyavu. Nilimshukuru mbele ya watu, ingawa yeye ni mmoja wa wale tunaobishana nao. Lakini pembeni kuna mitumbwi mingine, na sijui kama wote watamkatalia.

Mwezi unapungua. Baada ya siku chache giza litarudi na taa zitaonekana tena ziwani. Jioni hiyo, ukiwa ufukoni, usipite tu. Tazama ndani ya mtumbwi wa jirani yako. Kama huoni jile wala bidoni, sema neno.

Ni mimi mwandishi wenu wa hapa Baraka. Mwenye wazo tofauti alete, tutalisoma na kulijadili.